Vigae Chini ya Chumba cha Mama

Jumapili, mwisho wa Januari. Mvua imeanza alfajiri na kukatika saa nne asubuhi, na sasa jua linawaka kana kwamba halihusiki na lolote. Niko chumbani kwangu hapa Utemini, Singida mjini, nyumba ya kupanga. Viatu vyangu viko nje mlangoni vimebeba tope mpaka huwezi kujua kipi cha kulia, kipi cha kushoto. Sijavisafisha. Sitaki kuvigusa.

Shajara yangu ya mtandaoni, sijakuandikia tangu Oktoba. Mara ya mwisho niliweka picha ya bati, lile jekundu la nyumba ninayojenga, na wale wachache wanaopita hapa kusoma wakanipongeza mpaka nikaona haya. Niliandika kwamba Pasaka ya mwaka huu mimi na Mama tutaila chini ya bati hilo. Niliandika kwa kujiamini, kama mtu anayejua anachosema.

Leo sina picha.

Nyumba yangu inazama.

Haizami yote. Inazama kona moja, ile ya nyuma inayotazama bondeni, na kona hiyo ndiyo chumba cha Mama. Nilikichagua mwenyewe kile chumba. Nilitaka akiamka afungue dirisha aone ziwa kwa mbali, maana asubuhi maji yakiwa yametulia linapendeza. Nikamwekea dirisha kubwa kuliko la kwangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka nitaandika matusi.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Alituacha wawili tu, Kaka Elia na mimi. Kaka ndiye mkubwa, anaishi kwenye nyumba ya wazazi kule Unyambwa na mkewe na watoto wake, na Mama yuko nao. Mimi niliolewa, ndoa ikaisha, nikarudi Singida nikiwa na kazi yangu ya ualimu na sanduku moja. Baba kabla hajafa alisema mbele ya watu kwamba mimi nipewe eneo na nijenge, nisije nikatangatanga. Kwetu si kila baba anasema hivyo kwa binti. Nilililia lile neno kuliko nilivyolilia ndoa.

Shamba letu linaanzia juu kwenye mawe makubwa, udongo wake mwekundu wa kichanga, unapitisha maji vizuri. Kisha linashuka taratibu kuelekea bondeni, kwenye udongo mweusi. Agosti ya mwaka huo, baada ya matanga kuisha na watu kupumzika, Kaka aliniita kuonyeshwa mipaka. Alikuwepo baba mdogo, alikuwepo mwenyekiti wa mtaa, walikuwepo majirani wawili, na Mama. Kaka akatuongoza mpaka chini. Akasema hapa ndipo pa dada yangu, nimemsafishia mwenyewe, nimelima kwa ng'ombe, nimeng'oa miti yote, aje tu na tofali.

Na kweli palikuwa pamelimwa. Udongo mweusi ti, umevunjwavunjwa laini, unautamani kuutia mkononi. Nikamshukuru kaka yangu mbele ya watu. Jumapili iliyofuata nikampelekea jogoo, mmoja wa wale wetu wa kienyeji wenye miguu mirefu. Akala, akajilamba vidole, akaniita Mwalimu kama anavyopenda kuniita.

Mimi ni mwalimu wa jiografia.

Isome tena hiyo sentensi, Shajara, uicheke kama ninavyojicheka. Mwaka wa kumi na moja huu nawafundisha watoto wa watu kuhusu udongo. Kidato cha Tatu nawafundisha habari za barafu za nchi za mbali, jinsi zilivyoyeyuka zikaacha maziwa, na maziwa yakakauka yakaacha tambarare. Nawaambia chembe nzito hutua mapema, pembeni. Zile ndogo kabisa huelea mpaka zifike katikati, palipotulia, ndipo zinashuka polepole na kulala. Kwa hiyo sakafu ya ziwa la zamani ni udongo wa mfinyanzi mtupu. Maji hayapenyi. Hewa haipiti. Kiangazi unajikunja na kupasuka, masika unavimba. Ukichimba unakuta rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu. Wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Barafu wanayoijua wao ni ya kwenye friji.

Wala haihitaji barafu. Inatosha kuwe na ziwa lililowahi kuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na sisi tunayo mawili hapa mjini yasiyo na mto wa kutolea maji. Haya yote nilikuwa nayo kichwani Agosti ile, nimesimama juu ya sakafu ya ziwa, nasema asante kaka.

Mganga hajigangi.

Nikiwa mkweli kwako, dalili zilikuwepo. Kule juu kila mpaka una minyaa, na ua wa minyaa kwetu ndiyo hati ya shamba. Kwenye kiwanja changu Kaka aliweka mawe manne akasema minyaa nitakupandia baadaye. Hakupanda. Nikapanda mwenyewe masika ya kwanza, ikaoza miguu yote, nikadhani ni mkono wangu mbaya. Miti aliyoing'oa ilikuwa migunga, na mgunga mfupi wa miiba hauoti kokote unakotaka, unaota kwenye mbuga ya udongo mweusi. Na ile kulima kwa ng'ombe mwezi wa nane, mwezi ambao hakuna mtu anayepanda chochote. Nani analima Agosti? Analima anayeficha nyufa.

Fundi wangu, Ramadhani, ni mtu wa maneno machache. Siku tunachimba msingi alisimama akaangalia jembe lake lilivyonasa, akasema, "Mwalimu, udongo huu unashika. Twende chini zaidi, au tupande juu kwenye kichanga." Mimi nikamjibu kwa hotuba. Nilimweleza habari za mawe na zege na nondo kama vile yeye ndiye mwanafunzi. Nikamalizia na kauli ambayo leo ikinijia nauma mdomo: kaka yangu hawezi kunipa sehemu mbaya. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuchimba.

Jana Jumamosi Ramadhani alinipigia simu asubuhi, akaniomba niende. Hakusema kuna nini. Bodaboda ilinifikisha mpaka mwisho wa kichanga, dereva akaukodolea macho weusi ulioanzia pale akasema hapo mbele haingii hata kwa dawa. Nikashuka. Hatua ya kwanza tope likashika, ya pili likaongezeka, ya kumi nikawa natembea na viatu viwili vya tope juu ya viatu vyangu. Maji yalikuwa yamesimama pembeni ya ukuta, yametulia, hayaendi popote. Mvua ilikuwa ya juzi.

Ndani sakafu ya sebule imenyanyuka katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mlango wa chumba cha Mama haufungi tena. Ramadhani akaweka pima maji yake juu ya kizingiti cha dirisha, lile kubwa, na sikuhitaji kuelezwa. Ufa umeanzia kona ya dirisha umeshuka mpaka chini. Niliingiza kidole. Kikaingia mpaka mahali pa pete ambayo siivai tena.

Akanipeleka nje. Alikuwa amechimba sehemu mbili kando ya msingi ili kujua chanzo. Shimo la kwanza, upande wa sebule, lilinionyesha kitabu changu cha Kidato cha Tatu kimefunguliwa ardhini: weusi juu, kisha kijivu, na ndani ya kijivu yale madoa ya kutu. Nilisimama nikayasoma. Nadhani nilitabasamu. Kuna aibu ambayo inatoka kama tabasamu.

Shimo la pili, kwenye kona ya chumba cha Mama, halikuwa na kijivu. Lilikuwa na majivu, udongo mwekundu wa kule juu, na vigae. Vigae vingi, vipande vya vyungu vilivyovunjika, vimelala bapa, safu juu ya safu.

"Huu si udongo wa kuzaliwa hapa," Ramadhani akasema. "Hapa palikuwa na shimo kubwa, likafukiwa. Na aliyefukia alipanga kwa mkono, si mtu wa kumwaga na kuondoka."

Akaniambia mashimo ya namna ile anayajua, ni ya watu wanaochimba udongo wa vyungu. Msingi wangu kona ile umekaa juu ya kifusi, na kifusi kikilowa kinashuka, wakati sehemu nyingine zinavimba. Nyumba inavutwa huku na kule. Nikamuuliza kama inatibika. Akasema kona hiyo ibomolewe, lakini hata ikijengwa upya atakuwa ananidanganya akisema itakaa. Ramadhani hakunidanganya mwanzo, na hakutaka kuanza jana.

Kisha nikaokota kigae kimoja.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu Mama. Mama alikuwa mfinyanzi. Nilipokuwa mdogo alifinyanga vyungu vya mboga na mitungi ya maji, akiviuza sokoni, mpaka ndoo za plastiki zilipoingia kila nyumba. Mimi sikukaa sana kuiona kazi yake, maana darasa la tatu nilipelekwa kwa shangazi Manyoni kusoma, nikawa narudi likizo. Nakumbuka tu kwamba asubuhi nyingine aliondoka na karai akisema anakwenda mbugani kuchukua udongo. Nami kitabu changu cha shule kilikuwa na picha ya mbuga: simba, twiga, nyumbu. Basi Mama akiondoka mimi nakaa mlangoni nasubiri, roho juu, nikijua leo simba anamla. Akirudi na karai la tope kichwani nilikuwa nashangaa anavyowashinda wale simba kila siku.

Hakuna aliyenieleza kwamba kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi, pale chini tu, mwisho wa shamba letu. Nami ukubwani sikuuliza. Kila mwaka naandika ubaoni "udongo wa mfinyanzi", na hata siku moja sikufikiri kwamba mfinyanzi mwenyewe ana jina na ananiita mwanangu.

Alama ya Mama ilikuwa mstari wa kucha chini ya mdomo wa chungu. Anabonyeza ukucha wa dole gumba kwenye udongo mbichi, hatua kwa hatua, mpaka anazunguka. Kigae nilichookota kilikuwa na mstari huo, na kando yake kiraka cha lami. Mtungi mmoja tu duniani ulikuwa na kiraka hicho. Ulikuwa mtungi wa maji wa nyumbani, Baba aliuziba kwa lami ulipoanza kuvuja. Na ninajua ulivunjika lini, kwa sababu niliuvunja mimi. Siku ya matanga ya Baba niliugonga kwa sufuria kubwa la ugali, nikaviokota vipande nikilia, watu wakadhani namlilia Baba tu.

Kwa hiyo shimo lilifukiwa baada ya matanga. Kabla ya Agosti. Lilifukiwa kwa ajili yangu.

Pale kwenye tope nikakaa chini, na suti yangu safi hivyo hivyo, maana kuna jambo jingine lilikuwa linanijia na nilikuwa sitaki lifike. Mama hatupi vigae. Mfinyanzi hatupi. Chungu kikivunjika vigae vyake vinawekwa nyuma ya jiko, baadaye vinatwangwa, unga wake unachanganywa na udongo mpya, na chungu kipya hakipasuki motoni. Hata baada ya kuacha kazi Mama aliendelea kuvitunza. Lile rundo lilikuwa lake, na wajukuu walichapwa wakiligusa. Hakuna mtu angebeba hata kigae kimoja nyuma ya lile jiko yeye asijue.

Nilimpigia Kaka simu pale pale nikiwa nimekaa. Sikumtukana. Nilimuuliza tu kama alijua. Hakukana, hilo nalo lilinishangaza. Alisema, "Mwalimu, si wewe uliyesomea ardhi? Ulipaona mwenyewe, ukashukuru." Kisha akaniambia wanawe watahitaji kule juu, na mimi ni mtu wa uhamisho, kesho niko Songea. Akasema tuongee nikiwa nimetulia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Usaliti wa Kaka una upande wa kueleweka: ana watoto wanne wa kiume na tamaa ya kawaida ya binadamu. Uliuma, lakini niliweza kuushika. Kulikuwa na mwingine chini yake uliokuwa unateleza.

Nikaikumbuka siku ile ya mipaka. Tulipomaliza kuzunguka mawe manne, baba mdogo aliuliza kila mmoja kama ana neno, ndiyo desturi. Mwenyekiti hana neno. Majirani hawana neno. Mwisho akamgeukia Mama, maana yeye ndiye aliyebaki mwenye shamba: "Mama Elia, una neno?" Mama alikuwa amesimama kidogo mbali na sisi, na sasa najua alikuwa amesimama wapi. Alikuwa amesimama juu ya lile shimo. Akasema, "Sina neno."

Nilidhani ni baraka.

Leo nimekwenda kumwona. Mvua ilikuwa imekatika, Kaka na mkewe walikuwa bado kanisani. Njiani nilikuwa nimeapa kwamba simwamkii. Nilitaka niingie kimya, nikiweke kigae mbele yake, nione. Nimefika mlango wa jiko, nimemkuta amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda kwenye ungo, na kabla sijajizuia mdomo umesema shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula.

Nikakiweka kigae kwenye ungo, juu ya majani.

Hakushtuka. Alikichukua, akakifuta tope kwa khanga, akapitisha dole gumba kwenye ule mstari wa kucha, ukucha ukawa unaingia alama moja baada ya nyingine. Akasema hiki ndicho ulichokivunja wewe. Nikamwambia nimekitoa chini ya nyumba yangu.

Akaanza kuongea Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kama anavyofanya jambo likiwa zito. Alisema mashimo yale alianza kuyachimba mwaka alioolewa. Alisema Baba alijua pale si mahali pa kukaa watu, ni mahali pa udongo, na Baba aliponitaja alikusudia kule juu, karibu na mawe. Alisema Elia alimjia siku ya tatu baada ya matanga akamwambia amekwisha kuamua, na akamwomba asimwaibishe mbele ya watu. Maneno yote haya aliyasema huku anachambua. Majani upande huu, vijiti upande ule.

Nikamwambia angesema neno moja tu siku ile. Moja.

Mama aliacha kuchambua.

"Elia ndiye atakayenizika," akasema.

Ni kweli kwa jinsi tunavyoishi. Binti ni mgeni anayekuja na zawadi. Mwana ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayesimama mbele ya watu, na mama akishakuwa mjane anakula kwa mkono wa mkwe. Mama alipiga hesabu ya mahali atakapolala mwisho, akaniweka mimi upande wa pili wa mizani. Nilikuwa nimemjengea chumba chenye dirisha kubwa. Yeye alikuwa anafikiria chumba kingine.

Nilitaka alie. Nakiri. Nilikaa pale namsubiri alie, na hakulia.

Badala yake aliniuliza ni kona ipi iliyozama. Nikamwambia ni ya chumba chake. Aliinama akawa anatazama kigae, kwa muda mrefu mpaka kuku aliingia akaanza kudonoa mlenda na hakuna aliyemfukuza. Ndipo akanieleza, tena kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri wizi, kwamba Elia alitaka kulijaza lile shimo kwa takataka na mabua, na yeye akakataa. Hilo tu ndilo alilokataa. Alibeba vigae vyote vya nyuma ya jiko, rundo zima la miaka yote, karai kwa karai mpaka mbugani. Akaingia shimoni mwenyewe akavipanga.

"Udongo ukiwa na vigae haupasuki," akasema.

"Nyumba si chungu, Mama."

"Najua. Sikuwa na kitu kingine."

Nimeondoka bila kuaga vizuri. Nyuma ya jiko nimepita makusudi nikaangalia. Pale palipokuwa na rundo pana majani tu, yameota vizuri.

Sasa ni saa tisa na nusu. Nimejaribu kulala mchana nimeshindwa. Najaribu kumchukia Mama kwa ukamilifu, na kila nikikaribia namwona yuko ndani ya shimo, mwanamke wa miaka sitini na kitu, anapanga vigae bapa, safu juu ya safu, ili nyumba aliyokubali nidanganywe nayo isinipasukie. Halafu namwona amesimama juu ya shimo hilo hilo, limeshafukiwa, anasema hana neno. Ni mtu mmoja. Siwezi kumtenganisha nikachukua nusu.

Hasira haijaisha. Sitaki mtu anishauri kusamehe leo. Kuna anayeandika maoni hapa kila mara kwamba mama ni mama. Najua. Ndiyo maana inauma.

Lakini nimeamua jambo. Nimempigia baba mdogo, nikamwamkia, nikamwambia naomba watu wale wale warudi pale pale. Aliuliza lini. Nikasema siku yoyote ya mvua. Nadhani alielewa, maana alicheka kidogo bila furaha akasema viatu vyake havifai kwa mbuga. Nikamwambia ndiyo maana. Ardhi haionyeshwi Agosti. Nataka Kaka awe wa kwanza kushuka, na mwenyekiti nyuma yake, wote na tope lao miguuni, wasimame mbele ya ule ufa. Nami nitaliomba lile neno la Baba kama alivyolikusudia, la kule juu kwenye mawe.

Kisha baba mdogo atauliza kama desturi inavyotaka. Atauliza majirani. Mwisho atamgeukia Mama.

Sijui atasema nini. Akisema, atakuwa amempoteza Elia, na anaweza kukosa hata ugali wa jioni hiyo. Asiposema, mimi sitakuwa na pa kujenga, na yeye atakuwa na pa kuzikwa. Ni haki kumwekea mzazi mzigo huo? Nimejiuliza tangu saa sita. Nilipokuwa mdogo nilikaa mlangoni nikimsubiri arudi kutoka mbugani, nikiogopa simba. Siku hiyo nitakuwa nimesimama naye huko huko mbugani, na ninaogopa vile vile.

Nyumba ikibomolewa, vigae nitavitoa vyote kwa mkono, kimoja kimoja, nimrudishie nyuma ya jiko. Hilo nitafanya hata akisema hana neno.

Kesho nina kipindi cha kwanza, Kidato cha Tatu, na mada ni udongo. Nitakwenda na viatu hivi hivi.